Kumalizia Mkanda

Studio niliyojifunzia kazi ilikuwa Ngamiani, Tanga: chumba kimoja chenye pazia lililochorwa minazi na jahazi, na nyuma yake kijichumba cha giza kilichonuka dawa mpaka nguo zetu zikanuka vivyo hivyo. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na filamu bado zilikuwa za kutafutwa. Nyingine zilivuka Horohoro kutoka Mombasa ndani ya mizigo ya wafanyabiashara, nyingine tulizipata kwa mabaharia. Kamera ya studio ilikuwa Yashica ya lenzi mbili, inayotumia mkanda wa picha 12, na mwenye studio, ambaye sote tulimwita Mzee, hakuruhusu mkanda usafishwe kabla haujajaa. Mteja aliyekuja kuulizia picha zake aliambiwa mkanda haujaisha, apite keshokutwa.

Walikuwapo lakini wateja wasioweza kungoja. Kijana ameitwa kazini Dar es Salaam na basi lake ni la alfajiri. Mama anatakiwa apeleke fomu ya mtoto shule ya bweni kesho. Hapo Mzee alinitazama akasema, "Malizia mkanda, mtu anasafiri." Nichukue kamera, nipige chochote kwenye nafasi zilizobaki, mkanda uingie kwenye dawa. Yeye hakujali nilipiga nini. Mimi nilijali sana. Nilikimbilia soko la Mgandini nikawapiga picha wauza nazi wakibishana bei, mafundi cherehani barazani, wachukuzi wamelala juu ya magunia mchana. Usiku, karatasi ikiwa ndani ya dawa chini ya taa nyekundu, hizo ndizo picha nilizozingoja zitokeze.

Nimeishi kwa kamera tangu wakati huo: studio, gazeti, harusi, kazi za mashirika, na sasa kufundisha. Vijana wanaonijia huuliza njia ipi iliyo sahihi. Wasome chuo? Waanze na harusi? Watafute ajira, au wajitangaze mitandaoni na kungoja kuitwa? Mimi nimeona watu wakifika kwa kila mojawapo ya njia hizo, na wengine kwa njia ambazo hakuna ambaye angezishauri. Ninachokiamini ni hiki: njia yoyote inafaa ikiwa inakulisha na inakuachia mabaki. Mabaki ya filamu, ya muda, ya mafuta ya gari, ya safari iliyolipiwa na mtu mwingine. Kazi ya mteja inakuweka karibu na picha. Mabaki yake ndiyo unayojengea kazi iliyo yako.

Nilisoma habari za Samuel Fosso nikiwa mtu mzima, na niliacha kusoma nikazunguka chumba. Fosso alizaliwa Cameroon mwaka 1962, vita vya Biafra vikamkuta Nigeria, kisha akapelekwa kwa ndugu Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mwaka 1975, akiwa na miaka 13, alifungua studio yake. Mchana aliwapiga picha wateja. Jioni, mkanda ukiwa na nafasi zilizobaki, alijipiga mwenyewe: suruali pana za wakati ule, miwani mikubwa, viatu vya soli ndefu, mkono kiunoni. Baadhi ya picha alimtumia bibi yake Nigeria, ajue mjukuu yu mzima. Zile picha za kumalizia mkanda ndizo zilizotundikwa Bamako, Mali, mwaka 1994, kwenye maonyesho ya kwanza ya picha za Afrika yaliyofanyika pale, na ndizo zilizomtoa Bangui akajulikana duniani. Nilikuwa nikidhani desturi ile ilikuwa ya studio yetu peke yake, iliyotokana na uhaba wa Tanga.

Wengine walianzia mbali zaidi na kamera. Peter Magubane aliingia jarida la Drum, Johannesburg, katikati ya miaka ya 1950 akiwa dereva. Dereva wa chombo cha habari huona mengi: huwapeleka waandishi kwenye tukio, huwangoja, na wakirudi husikia nani amekosa picha na kwa nini. Kutoka kwenye usukani akaingia chumba cha giza kama msaidizi, na kutoka pale akapewa kamera. Katika miaka hiyo ya 1950 huko Zeerust, ambako wapiga picha walikatazwa kuwapiga picha wanawake walioshtakiwa kwa kupinga sheria za pasi za ubaguzi wa rangi, alitoboa mkate akaficha kamera ndani, akapiga huku akionekana anakula. Ujanja ule haufundishwi chuoni. Ni wa mtu aliyekuwa mtumishi wa ofisi kwanza, anayejua kwamba mtu mweusi mwenye mkate hatazamwi mara mbili.

Gordon Parks, Marekani, alikuwa mhudumu kwenye treni. Aliona picha za wakulima waliofukuzwa na njaa katika jarida lililoachwa na abiria, na mwishoni mwa miaka ya 1930 akanunua kamera kuukuu kwenye duka la rehani Seattle. Mwaka 1948 akawa mpiga picha wa kwanza mweusi kuajiriwa na jarida la Life.

Naye Sebastião Salgado, Mbrazili aliyefariki mwaka 2025, alikuwa mchumi wa shirika la kimataifa la kahawa lenye makao London. Kamera ilikuwa ya mkewe, Lélia. Aliibeba kwenye safari za kikazi barani Afrika, ripoti zikaanza kumchosha na picha zikamvuta, na mwaka 1973 akaacha uchumi. Mwaka 1994 alikuwa kwetu, Benako, wilaya ya Ngara, miongoni mwa wakimbizi wa Rwanda. Ukizitazama picha za kambi zile, mchumi hajaenda mbali. Jicho lake haliishii kwenye uso wa mtu mmoja anayelia. Linatafuta namna umati mzima unavyopata maji, kuni na pa kulala. Shule aliyoiacha ndiyo iliyompa namna yake ya kutazama, na kwa sababu hiyo huwa simkubalii kijana anayesema amepoteza miaka yake akisomea uhasibu au kilimo. Mpiga picha aliyesomea kilimo ataona shamba la mkonge kwa namna ambayo mimi, niliyezaliwa karibu nalo, siwezi.

Kwa vijana wengi neno mteja linaanza kutamkwa kwa dharau, kana kwamba picha za pasipoti ni jela na sanaa iko nje ya ukuta. Mimi mkono wangu ulifanywa na picha za pasipoti. Filamu na karatasi za rangi za miaka ile zilipimwa viwandani kwa sura za Wazungu, na mashine za rangi zilipofika kwetu sura za watu wetu zilitoka nyeusi tii, macho na meno tu. Mzee alikuwa amekwisha kulitatua jambo hilo zamani kwa kamera yake. Alimkalisha mteja ubavuni mwa mlango, mwanga wa nje umguse shavu. Alimwekea shuka jeupe mapajani, mahali ambapo kamera haifiki, ili mwanga urudi chini ya kidevu. Alifungua lenzi hatua moja zaidi ya ile iliyoandikwa kwenye boksi la filamu. Kisha alizungumza naye, habari za kwao, habari za safari, mpaka mabega yashuke, ndipo alipobonyeza. Baadaye alichukua penseli iliyochongwa kama sindano akaondoa kovu au chunusi kwenye negativu yenyewe, ila kovu la mtu mzima hakuligusa bila kumuuliza mwenyewe. Alikuwa akisema mteja akiiona picha ajikubali. Nimekutana na mafunzo mengi ya picha za watu tangu wakati ule, mengine ya gharama kubwa, na sijapata lililozidi somo hilo.

Uhaba nao ulifundisha. Seydou Keïta, aliyekuwa seremala kabla ya kufungua studio yake Bamako mwaka 1948, kwa kawaida alimpiga mteja picha moja tu, kwa sababu filamu ilikuwa ghali. Ndiyo maana watu wake wamekaa vile: kila kidole kimepangwa, kila mkunjo wa nguo umetazamwa kabla. Pwani yetu ina ukoo wake wa watu wa namna hiyo. Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio Zanzibar mwaka 1930, N. V. Parekh aliwapiga picha watu wa Mombasa kwa miongo. Omar Said Bakor wa Lamu alijifunza mwenyewe, akakata na kuunganisha negativu mpaka mtu akatokea ndani ya ua. Walifungua milango kila asubuhi kwa ajili ya mteja wa kawaida, hasa siku za Idi ambapo foleni ilifika mtaa wa pili, na leo wanazuoni wanaziandikia vitabu picha zao.

Iko njia moja ya pwani ambayo haizungumzwi katika mikutano yetu ya wapiga picha, labda kwa sababu wengi tunaozungumza ni wanaume. Mmoja wa wasichana niliowafundisha anaishi kwa kupiga picha za shughuli za wanawake pekee: singo, kesha, sherehe za ndani za harusi. Simu huachwa mlangoni. Anaingia yeye na msaidizi wake, naye ni mwanamke. Bibi harusi na shangazi zake wamevaa na kucheza kwa namna ambayo hakuna mwanaume wa nje atakayeiona, na kila picha inabaki kuwa mali ya familia. Akimaliza kukabidhi, anafuta kadi mbele ya mama wa bibi harusi.

Fikiria hesabu ya kazi hiyo. Sisi wengine tunapata kazi kwa kuonyesha picha. Yeye picha zake bora haziruhusiwi kuonekana. Hawezi kuziweka ukutani wala mtandaoni, hawezi kuzipeleka kwenye mashindano. Mtaji wake wote ni kuaminiwa. Jina lake hupita kwa maneno tu, shangazi kwa wifi, wifi kwa somo, kutoka Tanga hadi Unguja na Mombasa, na msimu wa harusi ukifika kabla ya Ramadhani hana siku tupu. Mapato yake ni ya uhakika kuliko yalivyowahi kuwa yangu. Siku moja nilimuuliza, "Na zako mwenyewe, binti yangu, unapiga lini?" Akanifungulia kompyuta. Anafika ukumbini mapema kabla ya wageni, na kwa ruhusa ya wenyewe anawapiga wanaoifanya shughuli itokee: wapishi wa pilau uani wakigeuza masufuria, mpakaji hina akinyoosha mgongo baada ya saa nzima ya kuinama, mikono tupu bila sura. Ni mkusanyo wa miaka. Hakuna aliyewahi kuwapiga picha wanawake hao kwa heshima ile, na mwanaume asingeweza.

Wapo pia wanawake waliohamishia kwenye picha zao ujuzi wa kazi nyingine. Sarah Waiswa, aliyezaliwa Uganda na kufanya kazi Kenya, alisomea sosholojia na saikolojia na alikuwa mwajiriwa kabla ya kuishika kamera kwa dhati. Mwaka 2016 alipata tuzo ya ugunduzi ya Arles, Ufaransa, kwa picha za mwanamke mwenye ualbino akipita Kibera. Thandiwe Muriu wa Nairobi alikuwa mpiga picha wa matangazo, na ufundi huo wa taa na rangi kali ameuhamishia kwenye picha zake za wanawake waliovaa vitambaa vinavyofanana kabisa na pazia la nyuma yao. Ukiujua utaratibu wa matangazo, unauona ndani ya kila picha yake.

Mimi nilihamia Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1990, magazeti ya binafsi yalipokuwa yanachipuka kila mwezi. Nilikuwa wa kujitegemea, kwa maana kwamba nililipwa kwa picha iliyotoka gazetini, na isipotoka nauli ilikuwa yangu. Kazi ile ilinipa kasi na kuniingiza mahali ambapo nisingekanyaga: uwanja wa mpira kando ya goli, kampeni, mahakamani. Lakini negativu zilibaki kabatini kwa gazeti. Lilipohama ofisi, makabati hayakufika yote, na miaka ile ya Dar es Salaam kwangu mimi imebaki kwenye vipande vya magazeti vilivyopauka.

Kwa hiyo nikiwazungumzia vijana kuhusu Mohamed Amin, sianzi na ujasiri wake. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na hapo hapo mwaka 1963, kijana wa miaka kama 20, akaanzisha Camerapix. Wengi wanamkumbuka kwa filamu ya njaa ya Korem, Ethiopia, iliyorushwa na BBC Oktoba 1984 na kuiamsha dunia, au kwa kurudi kazini baada ya mlipuko wa Addis Ababa mwaka 1991 kumkata mkono. Alifariki mwaka 1996 katika ndege iliyotekwa na kuanguka Komoro. Mimi nawaonyesha jambo lililotangulia hayo yote: kijana wa Dar es Salaam alielewa mapema kwamba picha iliyokwisha kuuzwa leo inaweza kuuzwa tena baada ya miaka, iwapo wewe ndiye uliyeitunza na jina lako limeandikwa juu yake. Alijenga kampuni juu ya hilo, na hazina ya picha zake ikamzidi umri.

Mwenzake wa Nairobi, Priya Ramrakha, aliyepiga picha za majarida ya Time na Life, aliuawa Biafra mwaka 1968. Picha zake nyingi zilipatikana miaka mingi baadaye ndani ya gereji Nairobi, baada ya jamaa yake kuamua kutafuta. Februari 2014 nyumba ya Fosso Bangui iliporwa na negativu zikamwagwa nje. Ziliokolewa na wapiga picha wa habari waliokuwa mjini kwa ajili ya vita. Hizo ni hazina zilizopata bahati. Mzee wangu alipofariki, chumba cha Ngamiani kilihitajika kwa duka la vipuri, na maboksi ya negativu yalikwenda jalalani kabla habari hazijanifikia Dar es Salaam. Mpaka leo nikifika Tanga watu wazima hunisimamisha: "Shikamoo kaka, ile picha ya marehemu baba pale studio, hamkubaki na nakala?"

Ile studio isingedumu hata hivyo. Picha za daftari la wapiga kura la mwaka 2015 zilipigwa kwa mashine za alama za vidole, za kitambulisho cha taifa zinapigwa kaunta, na simu imechukua zilizosalia. Wapo waliosoma alama za nyakati mapema. Muhidin Issa Michuzi alikuwa mpiga picha wa Daily News. Mwaka 2005 alifungua blogu, na Watanzania wa ughaibuni wakawa wanaiona nchi yao kila asubuhi kupitia kamera yake. Aligeuza kazi ya gazeti kuwa hadhira yake mwenyewe.

Kijana wa leo ana tatizo ambalo sisi hatukulijua. Kadi haijai. Hakuna mkanda wa kumalizia, kwa hiyo hakuna sauti ya Mzee inayokutoa nje ya studio. Anapiga harusi ya Jumamosi, Jumapili na Jumatatu anachagua na kurekebisha mamia ya picha, Jumanne kamati inamdai albamu ilhali haijammalizia malipo, na Ijumaa ni mkesha wa harusi nyingine. Mwaka unaisha hana hata picha moja aliyoipiga kwa sababu aliitaka. Kwa hiyo ninawataka wanafunzi wangu wayatengeneze mabaki kwa makusudi. Wafike mapema kama binti yule wa shughuli za wanawake. Wakitumwa Kigoma na shirika, warudi kesho yake, siyo jioni ileile, na usiku huo wa ziada waulipie wenyewe. Wachukue kianzio kabla ya tarehe, waandike mkataba hata wa ukurasa mmoja, na ndani yake waseme nakala halisi zinabaki kwa nani. Wengine huona aibu kumwekea mkataba mjomba anayeoza binti. Mjomba mwenyewe amewekeana mkataba na mwenye ukumbi.

Baadhi yao sasa wanakwenda nami Tanga na Pangani kutafuta kilichosalia kwenye makabati ya familia: negativu za studio zilizofungwa, albamu za harusi, bahasha za wapiga picha waliozunguka na kamera vijijini wakati wa mavuno. Tunazipitisha kwenye skana sebuleni kwa wenyewe, bibi mwenye nyumba akiwa pembeni anataja majina na nasaba, nasi tunaandika. Mwenye boksi la negativu za namna hiyo darini asizianike juani wala asizifute kwa kitambaa chenye maji. Azishike pembeni, azitoe kwenye nailoni kwa kuwa hufungia unyevu, aziweke kwenye bahasha za karatasi mahali pakavu. Zikinuka siki zimeanza kuoza, na uozo huo huambukiza. Azitenge na nyingine, na hizo ndizo zitangulie kwenye skana.